Kibao cha kiwanja chetu Lindi: bwawa lililofukiwa liandikwe au tunyamaze?

MSHONA SARE (Lindi mjini)

Wakuu, habari za jioni. Nina swali ambalo mtaa mzima umenitupia mimi kwa kuwa ndiye katibu wa kamati, na kwa watu wa huku katibu ni yeyote mwenye kalamu inayoandika.

Mtaani kwetu tuna kiwanja cha mapumziko. Si kikubwa, ukisimama goli hili ukamwita mtoto aliye goli lile anakusikia, kama anataka kusikia. Kuna bembea mbili, mabenchi manne ya zege, miarobaini kadhaa na mikungu mitatu, na mpira unaopigwa kila jioni mpaka hauonekani. Tumechangishana tukapata fedha ya kibao. Bati limekwishapakwa rangi ya kijani, linakauka barazani kwangu kando ya cherehani. Kila mteja anayeleta sare ya mwanawe analigusa kuona kama limekauka, kwa hiyo sasa lina alama za vidole kama ukuta wa chekechea. Kilichobaki ni maneno. Mwenyekiti anataka jina la kiwanja, mwaka kilipofunguliwa, na "Tunza Mazingira". Basi.

Jumapili nikamsomea bibi. Bibi yangu ni Mmwera, amevuka themanini, macho yamechoka lakini masikio yapo. Akacheka mpaka akakohoa. "Mke mwenzangu, mwaka kilipofunguliwa? Kwani kilikuwa na mlango?"

Ndipo akanisimulia kitu ambacho nilikuwa nakijua nusu nusu. Hapo palikuwa na bwawa. Siyo dimbwi la mvua, bwawa lenye wenyewe. Mvua zetu huku ni za msimu mmoja. Zikianza Desemba, maji yalituama hapo mpaka mikorosho inatoa maua. Pembeni wanawake walilima mpunga, kila mmoja na jaruba lake, na mipaka yao ilijulikana kuliko mipaka ya viwanja vya leo. Katikati matete na yungiyungi. Upande wa juu ukindu. Mkeka anaoswalia bibi ulisukwa kwa ukindu wa hapo, na umetatuka pembe zote mbili lakini hataki nimnunulie mwingine. Wanaume walitega kambale kwa migono. Mtoto akitumwa dukani akachelewa, alifuatwa huko.

Kisha kikaja kifusi. Nilikuwa darasa la pili, nayakumbuka malori. Udongo mwekundu, matofali ya nyumba zilizobomolewa, na juu yake taka zetu wenyewe, maana watu wakiona shimo linajazwa kila mmoja anajiona ana haki ya kusaidia. Miaka michache baadaye watoto wakaanza kupiga mpira, ikapandwa miti, zikaja bembea. Ndiko "kufunguliwa" huko.

Nikambishia: bibi, maji si yalishakwisha? Hakunijibu. Kesho yake alfajiri kabla ya jua kali akaniambia nimshike mkono twende. Tukafika, akapita mabenchi, akapita bembea, akasimama nyuma ya goli la chini. Akachomeka fimbo yake ardhini, akaiegemea kwa uzito wake wote, ambao si mwingi. Ikazama kama kiganja. Alipoichomoa, ncha ilikuwa nyeusi inang'aa. Huu ni mwezi wa tisa, jamani, mvua ya mwisho tuliiona Mei. Akaisogeza ile ncha puani kwangu, kama unavyomnusisha mwenzio bizari sokoni.

"Kambale," akasema.

Tangu hapo nimekuwa nikiona vitu. Bembea ya kushoto imeinama, na kila mwaka tunaishindilia mawe mguuni tukidhani fundi alifanya vibaya. Vyura usiku wa mvua ya kwanza wanalilia pale pale, siyo mtaroni.

Nikapeleka hoja kwenye kamati: tuandike kwamba palikuwa na bwawa. Moto ukawaka. Wajumbe wawili wana nyumba za kupangisha pembezoni mwa kiwanja. Wanasema nikiandika "bwawa" nimewauzia nyumba zao kwa bei ya mabanda. Mmoja ameniuliza mbele za watu kama nimetumwa.

Sasa wakuu, naomba msaada. Kiwanja kama hiki, kilichojengwa juu ya maji, urithi wake ni upi? Ni mabenchi na mwaka, au ni yale yaliyo chini? Na kuna mahali wenzetu wamefanya hivi wakaandika?

MPIMA MSTAAFU (Mtwara)

Mwanangu Mshona Sare, kwanza mfikishie bibi shikamoo yangu. Nimepima viwanja miaka mingi katika mikoa hii miwili, na ile fimbo yake ni kifaa halali kabisa. Sisi tulikuwa na chuma kirefu chenye mkono wa msalaba, kazi ni ile ile.

Nikufungulie siri ya ramani za miji yetu ya pwani. Ukiona eneo wazi kubwa katikati ya mji wa zamani, usiharakishe kusema wakoloni walipenda watu wapumzike. Uliza kwanza kwa nini hapakujengwa. Mara nyingi jibu ni maji. Ronald Ross alipoonyesha mwaka 1897 kwamba malaria inabebwa na mbu, bwana afya katika kila mji wa kitropiki akapata adui mwenye sura: dimbwi. Wakachimba mitaro, wakafukia, wakapanda mikaratusi inywe maji. Palipokataa kukauka vya kutosha kubeba nyumba, pakaitwa uwanja. Hizo ndizo bustani nyingi tunazojivunia.

Na ukitaka ushahidi usianze na masijala, anza na majina. Hapo kwenu Lindi kuna kata inaitwa Matopeni. Nani alitoa jina hilo, mtu aliyekanyaga vumbi? Huku kwetu Mtwara tuna kata inaitwa Reli, na ukimleta mgeni atatafuta reli mpaka jua lizame. Ilijengwa wakati wa ule mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, pamoja na bandari yetu, kuja kubeba karanga za Nachingwea. Karanga zikagoma, mpango ukafa 1951, reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jina halikung'olewa. Kwa hiyo jina la zamani la hicho kiwanja chenu, kama bibi analo, liandikeni kabla ya kitu kingine chochote. Hilo moja linatosha kibao.

Sasa wajumbe wako wenye nyumba. Waeleze hivi, kwa upole. Maji ya bwawa hayaondoki kwa kufukiwa. Chini hapo kuna udongo mzito mweusi wa mfinyanzi, ndio uliofanya maji yatuame tangu mwanzo. Kifusi kimekaa juu yake kama godoro juu ya mkeka uliolowa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka kwenye kifusi, yanakuta mfinyanzi, yanatafuta pembeni. Pembeni ni wapi? Ni kwenye misingi yao. Nenda kaangalie kuta zao za nje, kimo cha goti kutoka chini: rangi inabanduka na kuna unga mweupe wa chumvi? Kama upo, basi bwawa lilishaandikwa, tena kwenye ukuta wao, na hakuna mpangaji asiyeliona.

Jambo la mwisho, nimelazimika kulisema maana nililiona likivunjwa mara nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bahari au bwawa. Watu wengi huwa wanasikia "mita sitini" siku ya kubomolewa. Bwawa lenu lilizikwa zamani, sidhani kama kuna wa kuja na futi kamba leo. Lakini hofu ya wale wajumbe naielewa inakotoka.

CHAPA NYAYO

Yaani kibao kiwe kirefu kuliko uwanja? Andikeni "USIKOJOE HAPA FAINI 50,000", ndiyo historia inayohitajika Lindi nzima. 😂

MTOTO WA NG'AMBO (Unguja)

Chapa Nyayo, na hayo watu wataandika, lakini dada kauliza jambo la maana.

Mie ni wa Ng'ambo, Unguja. Ng'ambo ya nini? Mgeni akiuliza leo hupati cha kumuonesha. Mji Mkongwe zamani ulikuwa karibu kisiwa. Upande wa mashariki uliingia mkono wa bahari, maji yakijaa unavuka kwa chombo au kwa daraja, yakitoka unakanyaga tope. Walioishi upande wa pili wakawa watu wa Ng'ambo. Waingereza wakaufukia ule mkono kidogo kidogo. Leo ni barabara kubwa, ile ambayo wazee wanaiita Creek Road na kibao kinasema Benjamin Mkapa, na kando yake soko lililojengwa 1904. Soko linaitwaje? Darajani. Daraja lipo? Halipo. Unanunua pweza juu ya daraja lisilokuwepo.

Na upande wa kusini wa huo mkono wa bahari ndiyo viwanja vyetu vya Mnazi Mmoja. Hapo nimecheza mpira mpaka nikavunjika kidole. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwezi mchanga, ukicheza karibu na upande wa bahari unaskia ardhi inabadilika chini ya mguu, mpira haudundi, unafanya "pwa" unakaa. Sisi tulikuwa tunapanga mechi kwa kalenda ya mwezi, na hatukujua kwamba tunafanya hivyo kwa sababu ya bahari. Tulisema tu "leo uwanja mzito".

Ninachotaka kukwambia dada: Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watalii wanapiga picha milango. Sijamuona hata mmoja anaepiga picha Mnazi Mmoja. Lakini kwa sisi, ule mkono wa bahari ndio uliokata mji vipande viwili, wenye mawe huku na wenye udongo na makuti kule. Kuufukia hakukuufuta. Tumebaki na jina, na jina linatutambulisha mpaka leo. Nikisema natoka Ng'ambo mtu wa Unguja kashajua kitu juu ya bibi yangu.

Kwa hivyo mimi naungana na Mzee Mpima: jina kwanza. Bibi anapaitaje?

MSHONA SARE (Lindi mjini)

Nimemuuliza. Anasema wao hawakuwa na jina la kuandika, walisema tu "Bwawani". Unaenda wapi? Bwawani. Mama yuko wapi? Bwawani. Nikamwambia bibi, hilo si jina, ni mahali. Akaniuliza, "Na Lindi ni nini?"

Mzee Mpima, nimezunguka na mtoto wa jirani kuangalia kuta. Unga mweupe upo nyumba tano kati ya nane, pamoja na za wale wajumbe wawili. Nyumba moja wamebandika vigae nje mpaka kimo cha kiuno kuuficha, na vigae vimeanza kudondoka. Sijasema kitu. Nilimwona mwenye nyumba ananichungulia dirishani, nikajifanya namfunga mtoto kamba za viatu. Mtoto alikuwa amevaa kandambili.

MMWERA UGHAIBUNI (Boston)

Dada, mimi ni wa Ruangwa, naendesha gari la kusambaza vifaa vya ujenzi huku Boston, Marekani. Nimesoma hapa nikacheka peke yangu kwenye foleni, maana nafanya kazi juu ya bwawa lako.

Kuna bustani hapa inaitwa Back Bay Fens. Hilo neno "fens" kwa Kiingereza cha zamani ni tingatinga, kinamasi. Palikuwa na ardhi chepechepe ya maji ya chumvi, maji ya bahari yakiingia na kutoka, na mji ulipokua ukageuza hapo kuwa choo. Harufu ilikuwa ya kuhamisha watu. Mwishoni mwa miaka ya 1870 wakamwita Frederick Law Olmsted, yule yule aliyeshiriki kubuni Central Park ya New York. Ajabu yake ni kwamba hakufukia. Alichimba mkondo wa kupindapinda, akapanda majani yanayostahimili chumvi, akatengeneza kinamasi kipya kwa mikono ili maji ya mafuriko yapate pa kukaa. Watu wakaja kutembea bila kujua wako ndani ya mtambo wa maji taka. Mwaka 1910 likakamilika bwawa la kuzuia bahari mtoni, maji ya chumvi yakakatika, na mimea yake ikafa. Leo waliobaki ni matete marefu na mabata. Uwanja wa besiboli maarufu kuliko yote hapa, uliofunguliwa 1912, unaitwa Fenway. Yaani mashabiki wanapiga kelele kila wiki "Matopeni! Matopeni!" na hawajui.

Lakini lile la wenye nyumba ndilo lililonifanya niandike. Mtaa wa jirani na bustani hiyo, Back Bay, wote ni kifusi. Walileta changarawe kwa treni kutoka mji wa Needham, miaka na miaka, usiku na mchana. Nyumba wakazisimamisha juu ya magogo yaliyokitwa kwenye tope. Kanisa moja la hapo, Trinity, limekaa juu ya magogo kama 4,500. Wewe ni mtu wa pwani, unajua boriti ya mkoko: ikikaa majini muda wote haiozi, ikikaa mara maji mara hewa, inaoza kama mhogo. Sasa huku hatari si maji kuwepo, hatari ni maji kupungua. Yakishuka, vichwa vya magogo vinapata hewa na nyumba ya mamilioni ya dola inaanza kupasuka. Kwa hiyo wana visima vyembamba vyenye vifuniko barabarani, wanapima kina cha maji ya chini, na mwenye nyumba makini anataka kujua hicho kina kabla hajanunua. Nimewahi kupeleka saruji nyumba wanayokata magogo yaliyooza chini ya msingi, kipande kwa kipande, nyumba imening'inia juu ya jeki. Gogo zuri lililokaa majini zaidi ya miaka mia lilikuwa linatoa harufu ya mti mbichi. Gogo bovu nililichomoa kwa vidole.

Waambie wajumbe wako: nyumba za hapo zina bei ya kutisha na kila mtu anajua ziko juu ya bwawa.

BAHARIA WA KILWA

Naongezea kidogo. Nilipokuwa meli za nje, tukishuka London nilipenda kwenda bustani ya St James's, karibu na ikulu ya mfalme, maana haina kiingilio. Ile nayo ilikuwa tope tupu. Mfalme Henry VIII aliichukua 1532, James I akaikausha. Humo wamefuga wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo, mwari, tangu balozi wa Urusi alipotoa zawadi mwaka 1664. Nikawaandikia nyumbani kwamba Waingereza wana mwari bustanini kwa mfalme, shangazi akanijibu: amechezwa lini, na nani somo wake?

Na msisahau kwetu hapa: maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa yaliandikishwa kwenye mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2004. Sisi wa mkoa wa Lindi tuna kinamasi cha kimataifa, halafu tunaona haya ya bwawa la mtaani.

BINTI JANGWANI (Dar)

Nimeona mnafurahi na mabustani. Naomba niingize upande mwingine, msinichukie.

Nimezaliwa bondeni Jangwani, Dar. Mto Msimbazi ukituletea maji, tulikuwa tunapandisha godoro juu ya kabati na mama anahesabu watoto. Desemba 2011 hakukuwa na kabati la kutosha. Walikufa watu zaidi ya arobaini Dar nzima. Sisi tukapelekwa Mabwepande kwenye mahema, mbali na shule, mbali na kazi ya baba. Baba alikuwa ameuziwa kiwanja na mtu mwenye karatasi na muhuri, wakati wa kiangazi, udongo mkavu unapasuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Angekuta kibao kimeandikwa "hapa maji hukaa", angalau angeuliza swali la pili.

Sasa hivi lile bonde lina mradi mkubwa, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na mpango wenyewe ni kuupa mto nafasi yake na kuweka bustani ya jiji. Mimi sina ugomvi na hiyo bustani. Nitaenda, nitakaa kwenye benchi. Lakini nitakapokaa nitatafuta kibao, na nitataka kuona kama kinasema tuliishi hapo.

Yule wa Boston ametaja Central Park. Pale kabla ya bustani kulikuwa na kijiji cha Wamarekani weusi, Seneca Village, watu kama 225, wakaondolewa 1857. Kanisa, makaburi, shule, vyote. Kibao cha kuwataja kiliwekwa 2001. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Dada Mshona Sare, umeandika "mpunga", "ukindu", "kambale". Hao wanawake wenye majaruba je? Walilipwa? Walipewa mahali pengine?

MSHONA SARE (Lindi mjini)

Binti Jangwani, swali lako lilinikosesha usingizi. Nilimuuliza bibi asubuhi akiwa anakunywa uji. Akakaa kimya, akaendelea kukoroga uji ambao haukuwa na haja ya kukorogwa. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole, na majina: huyu alikuwa hapa, huyu akimfuatia, huyu kwenye kona yenye mti. Wanawake kumi na mmoja. Majina yao siwezi kuyaweka hapa, watoto wao wapo. Hakuna aliyelipwa. "Jaruba halikuwa na karatasi," alisema. "Lilikuwa na jembe." Wawili walihamia Ng'apa kulima, mmoja akaanza kupika maandazi, wengine "wakakaa tu". Yeye mwenyewe alikuwa wa sita kuhesabu kutoka upande wa mkungu mkubwa. Miaka yote nimekaa naye nyumba moja, nilidhani alikuwa akipita tu pale kuchuma ukindu.

Kikao tulikifanya jana chini ya miarobaini. Nilisoma baadhi ya maneno yenu kwa sauti, likiwemo la magogo na nyumba kuning'inia, na watu walitaka nilirudie. Mwenye nyumba ya vigae aliuliza hao Wamarekani wanatumia dawa gani kwa ule unga mweupe. Hapo nikajua tumeshaelewana. Yule aliyeniuliza kama nimetumwa alishikilia kwamba neno "bwawa" lisiwepo. Akapendekeza "eneo oevu". Bibi aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki akauliza oevu ni mtu gani. Likaachwa.

Fundi wa maandishi anatoza kwa herufi, kwa hiyo ilibidi tukate. "Tunza Mazingira" imetoka, mwenyekiti kanuna kidogo. Yamebaki haya:

BWAWANI
Hapa wanawake kumi na mmoja walilima mpunga.
Palikuwa na ukindu na kambale.
Maji yako chini.

Mwaka hatukuweka.

Leo asubuhi tulikwenda kusimamisha. Mashimo mawili ya nguzo yalichimbwa jana jioni baada ya kikao, kina cha mkono mpaka kwenye bega. La kwanza, lililo karibu na barabara, lilikuwa kavu. La pili tulikuta limejaa nusu, maji meusi yametulia, na chura mdogo wa ukubwa wa kitufe cha shati amekaa ukingoni kana kwamba ndiye aliyelichimba. Watoto wakalizunguka, mmoja akataka kuleta ndoano. Mwenyekiti alifika na daftari la risiti, akainama, akachungulia muda mrefu. Kisha akamuuliza fundi kama mfuko mmoja wa saruji utatosha.

Fundi akasema kwa shimo la kwanza, ndiyo.